Ribaundi za Rodman: alikuwa anaiongezea timu au anawapokonya wenzake?

#1 KisikiChaMpingo
Wakuu, habari za muda huu.

Kila ukifunguliwa mjadala wa wadaka ribaundi (mipira ya kikapu iliyotupwa ikakosa), hazipiti dakika mbili Dennis Rodman ameshatajwa. Misimu saba mfululizo kaongoza NBA, ligi ya kikapu ya Marekani, kuanzia 1991-92 mpaka 1997-98. Hilo sibishi. Ninachohoji ni zile ribaundi zilikuwa zinatoka wapi.

Chukueni San Antonio, yaani Spurs. Msimu wa 1992-93 Rodman bado yuko Detroit, senta wa Spurs David Robinson anadaka wastani wa 11.7 kwa mechi. Rodman anatua Spurs, anamaliza msimu na 17.3, Robinson anashuka mpaka 10.7. Msimu unaofuata 10.8. Mwaka 1995 Rodman anapelekwa Chicago, Robinson yule yule anapanda mpaka 12.2. Hapo mnasemaje? Mimi nasema jamaa alikuwa anadaka mipira ambayo Spurs wangeipata hata yeye akiwa benchi anapaka rangi nywele. Sifa kwake, kazi ya kumziba mpinzani kaifanya mwingine.

Njooni na hoja, matusi wekeni pembeni.

#2 Nyavu_Nyeupe
Naweka kambi hapa. Huu utafika kurasa kumi.

#3 MamaTakwimu
Hesabu yako inakugeuka mleta mada. Robinson kapungukiwa na ribaundi moja, Rodman kaleta kumi na saba. Mrudishie Robinson hiyo moja yake na chenji juu, bado zimebaki nyingi ambazo hujatueleza zilikotoka.

#4 KisikiChaMpingo
@MamaTakwimu unahesabu kana kwamba kabla ya Rodman ile nafasi haikuwa na mtu. Kulikuwa na pawa fowadi (fowadi wa chini ya ringi) pale, naye alikuwa anadaka. Toa za yule, toa za Robinson, kinachobaki ni kidogo kuliko mnavyoimba.

Na kama Spurs hamuitaki, twendeni Detroit. 1990-91 Rodman 12.5, Bill Laimbeer 9.0. 1991-92 Rodman 18.7, Laimbeer 5.6. Mmoja kapanda sita, mwenzake kashuka zaidi ya tatu. Imetokea tu?

#5 BabuWaPivoti
Laimbeer msimu huo alikuwa na miaka 34 na dakika zake zilipunguzwa. Usimbebeshe Rodman uzee wa mtu.

Halafu vijana wa leo Laimbeer mnamjua kwa viwiko tu. Huyo aliongoza ligi nzima kwa ribaundi 1985-86, wastani wa 13.1, na kuruka alikuwa haruki kabisa. Anakupa mgongo, anakukalia, mpira unaangukia kwake. Rodman alipoingia Detroit alikuta darasa liko wazi.

#6 Dogo_Mchezaji
Wakuu samahani, mimi mgeni kidogo wa haya mambo. Kama Rodman ndiye bora, mbona Wilt Chamberlain alidaka 55 kwenye mechi moja? Rekodi ya Rodman si 34? Au 34 ni kubwa kuliko 55 siku hizi?

#7 Nyavu_Nyeupe
😂😂😂 Dogo kaja na panga.

#8 MamaTakwimu
@Dogo_Mchezaji swali zuri. Wilt alidaka hizo 55 Novemba 1960, tena dhidi ya Boston ya Bill Russell. Sasa angalia ligi yenyewe ya wakati ule. Msimu wa 1961-62 kila timu ilikuwa inatupa zaidi ya mara 100 kwa mechi, na sehemu kubwa ya hiyo mitupo haikuingia. Enzi za Rodman timu ilitupa chini ya mara 90 na walenga shabaha walikuwa wazuri zaidi. Mitupo inayokosa ikipungua, ribaundi za kugombania zinapungua kwa wote. Ongeza dakika: msimu huo Wilt alicheza wastani wa dakika 48.5, yaani hakuwa anatoka uwanjani, na muda wa nyongeza ndani yake. Rodman kwenye msimu wake mkubwa, 1991-92, alicheza dakika 40 na ushee.

Ndiyo maana watu wa hesabu hutazama asilimia. Katika ribaundi zote zilizopatikana mchezaji akiwa uwanjani, yeye kachukua sehemu gani? Watu kumi wakigawana sawa, kila mmoja anapata 10. Rodman kwa maisha yake yote ya NBA ana 23.4. Msimu wa 1994-95, huko huko Spurs anakokusemea Kisiki, alifika 29.7. Karibu theluthi ya kila mpira uliotemwa na ringi, pande zote mbili za uwanja.

#9 Dogo_Mchezaji
Nimeelewa, asante mama.

#10 KisikiChaMpingo
Asilimia haijajibu swali langu. Ukimpokonya mwenzako asilimia yako inapanda vile vile. Hicho kipimo hakiulizi mpira ulikuwa unakwenda kwa nani.

#11 Goti_la_Chuma
@KisikiChaMpingo naomba kuuliza kitu. Wewe unacheza nafasi gani?

#12 KisikiChaMpingo
Senta. Inahusu nini?

#13 Goti_la_Chuma
Aaah. Basi, nilitaka kujua tu 😂

#14 KisikiChaMpingo
Cheka. Ndiyo, nacheza senta, na kwenye timu yetu kuna fowadi mmoja mwenye tabia hiyo hiyo. Mtupo ukitoka mimi nageuka, namtafuta mtu wangu, nampa mgongo, nashuka chini, nasukumwa mbavu mpaka naona nyota. Mpira unatoka kwenye ringi, unakuja pale pale nilipomzuia yule mtu asifike. Anatokea huyu bwana kwa nyuma, hajaziba mtu yeyote toka mechi ianze, anaudaka juu ya kichwa changu na kelele anapiga. Mechi ikiisha anaulizwa yeye siri ya mafanikio. Kwa hiyo nikisema ribaundi za kupokonya zipo, najua ninachokisema.

#15 Goti_la_Chuma
Sasa mpira umekuja pale pale ulipo, wewe mbona hukuudaka?

#16 Nyavu_Nyeupe
Nilisema kurasa kumi.

#17 FundiWaUbao
Mwacheni Kisiki na fowadi wake wakamalizane mazoezini. Turudi kwa Rodman.

Mnaongea kana kwamba jamaa alisimama mpira ukamwangukia. Rodman alikuwa anasoma mitupo. Wenzake wakipasha misuli kabla ya mechi, yeye anawaangalia: mpira wa nani unazunguka sana hewani, wa nani ukigonga ringi unaruka mbali, wa nani unadondoka papo hapo. Kwenye ile filamu ya mfululizo ya 2020 kuhusu Bulls, timu ya Chicago, alieleza mwenyewe, alikuwa anawaita rafiki zake usiku wanakwenda uwanjani, wanatupa kutoka huku, wanatupa kutoka kule, kazi yake ni kutazama mpira unatoka kwa pembe ipi. Anaeleza huku mikono inachora hewani, unaona kabisa kwamba kichwani ile picha anayo.

Mimi nimeijaribu kwa kiwango changu cha mtaani. Mtupo wa kona ukikosa, mara nyingi mpira unavuka ringi unaangukia upande wa pili. Nikaacha kukimbilia katikati na kundi la watu, nikawa nawahi ule upande wa pili mpira ukiwa bado juu. Urefu wangu wa kawaida tu, ila ribaundi zikaanza kunifuata. Kaa ufikirie mtu mwenye hiyo elimu kwa kila mtupaji wa ligi nzima.

#18 MwanaBulls91
@FundiWaUbao hiyo ya kusoma mzunguko ni kweli alikuwa anaifanya, lakini naona imekuzwa kwa sababu inanoga kusimulia. Hakuna mchezaji wa NBA asiyejua mtupo wa kona unaangukia wapi.

Tofauti yake ilikuwa miguu. Tafuta mechi zake za zamani, usiangalie mpira, mwangalie yeye. Wenzake wanaruka mara moja, wanatua, wanakunja magoti, wanajipanga upya. Yeye katua na kashapaa tena, mara ya pili, mara ya tatu. Wala haudaki mara ya kwanza. Anaugusa kwa ncha za vidole, unasogea, anaufuata, anaugusa tena, mpaka ufike mahali ambapo hakuna mkono mwingine, ndipo anauvuta kifuani. Aliandikwa cm 201 na alikuwa anafanya hivyo katikati ya watu wa cm 213. Mechi ikiisha wenzake wako bafuni, yeye kapanda baiskeli ya mazoezi. Hayo ni mapafu mkuu, jiometri hainyongi baiskeli.

#19 FundiWaUbao
Mapafu yanakupeleka mahali. Mahali penyewe nani kakwambia?

#20 BabuWaPivoti
Ili mradi urefu tuutoe kwenye orodha. Manute Bol alikuwa cm 231, wastani wake wa maisha NBA ni ribaundi 4.2. Na Charles Barkley, cm 198 na mwili ule, aliongoza ligi 1986-87 kwa 14.6.

#21 Kipyenga_Baridi
Mnamsifia sana, mnasahau kwamba Detroit walimchoka wakampeleka San Antonio wakachukua Will Perdue, mtu wa benchi. Hiyo ndiyo bei yake halisi sokoni.

#22 MamaTakwimu
Perdue ni biashara ya San Antonio na Chicago, mwaka 1995. Detroit walimtoa 1993, na mchezaji mkubwa waliyempata alikuwa Sean Elliott, ambaye hakuwa mtu wa benchi hata kidogo.

#23 MwanaBulls91
Na kwa wanaouliza jina langu: kule Detroit na Spurs Rodman alivaa jezi namba 10. Alipofika Chicago, 10 ilikuwa imeshastaafishwa kwa heshima ya Bob Love, akachukua 91. Tisa na moja, jumlisha mwenyewe.

#24 Kipyenga_Baridi
Haya, Chicago. Hoja iko pale pale, tena imekuwa nzito zaidi. San Antonio imeshinda mechi 62, halafu inamtoa mfalme wa ribaundi kwa mtu wa akiba. Kwa nini?

#25 MzeeWaKona
Nitakwambia kwa nini. Fainali ya Kanda ya Magharibi 1995, mechi ya kwanza. Spurs ndio wenye rekodi bora ya ligi, Robinson ndiye MVP, mchezaji bora wa ligi. Sekunde za mwisho Robert Horry wa Houston yuko peke yake, anatupa, inaingia, mechi imekwenda. Mtu wa kumkaba alikuwa Rodman. Rodman yuko wapi? Chini ya ringi, anasubiri ribaundi ya mpira ambao umeshaingia.

Houston wakamaliza 4-2, wakaenda kuchukua ubingwa. Mfululizo mzima Horry anasimama nje ya mstari wa pointi tatu, Rodman hatoki ndani kumfuata. Kisiki anasema alikuwa anawapokonya wenzake ribaundi. Mimi hilo halinisumbui. Linalonisumbua ni bei ya kila ribaundi: alikuwa anamwacha mtu wake ili aipate.

#26 MwanaBulls91
Mzee unamzungumzia mtu aliyechaguliwa mlinzi bora wa ligi mara mbili mfululizo, 1990 na 1991. Anakabidhiwa Bird leo, kesho Jordan, keshokutwa Magic. Alipopewa ile tuzo ya 1990 alilia mbele ya kamera. Huyo ndiye hajui kukaba?

#27 MzeeWaKona
Angalia hiyo miaka yako vizuri. 1990 na 1991 alikuwa hajaongoza ligi kwa ribaundi hata mara moja. Alipoanza kuongoza, 1992, ile tuzo hakuipata tena mpaka anastaafu. Alibadilisha biashara. Mtu hawezi kumfuata mpinzani mpaka kwenye mstari wa pointi tatu na wakati huo huo awe wa kwanza chini ya ringi.

#28 MamaTakwimu
Isipokuwa alibaki kwenye kikosi cha kwanza cha walinzi wa ligi 1995 na 1996. Na 1995 ndiyo huo huo mwaka wa Horry wako.

#29 MzeeWaKona
Kura zile hupigwa kabla ya mtoano 😏

#30 Pazia_la_Moshi
Hivi ni kweli aliwahi kutoroka mazoezi ya fainali akaenda kwenye mieleka?

#31 MwanaBulls91
Kweli kabisa. Fainali za 1998 dhidi ya Utah. Bulls wameshinda mechi ya tatu 96 kwa 54, yeye siku iliyofuata hayupo mazoezini, yuko jukwaani na Hulk Hogan. Karudi, mechi ya nne kadaka ribaundi 14 na kufunga mitupo huru muhimu mwishoni, Bulls 86, Utah 82. Kocha utamwambia nini mtu kama huyo?

#32 Pazia_la_Moshi
Na yule Karl Malone aliyekuwa anamkaba kwenye fainali si ndiye wakaja kupigana naye mieleka mwezi uliofuata? Hii dunia.

#33 BabuWaPivoti
Ndiye. Julai 1998. Ila tusiufuate mlango huo, tutaishia kwenye nywele, Madonna na Korea Kaskazini, na uzi utakufa.

#34 Goti_la_Chuma
Babu acha tucheke kidogo. MwanaBulls91 kasema "mitupo huru muhimu" nikamkumbuka Bubba Wells. Desemba 1997, Don Nelson wa Dallas anajua Rodman mitupo huru inamshinda, asilimia 58 tu kwa maisha yake yote. Anamwingiza Bubba Wells kazi yake moja, kumfanyia fauli Rodman. Wells kafanya fauli sita ndani ya dakika tatu, katolewa. Hakuna mtu katika historia ya NBA aliyetolewa haraka hivyo. Na Rodman? Kafunga 9 kati ya 12, Bulls wakashinda.

#35 Dogo_Mchezaji
Jamani maskini Wells 😂😂 kaingia kwenye historia kwa mlango wa jikoni.

#36 DadaWaPembeni
Nimewasoma toka juu. Mmoja anasema macho, mwingine mapafu, mwingine wizi. Hakuna aliyeuliza huyu mtu alitokea wapi.

Kazaliwa 1961, kakulia Dallas. Kwao nyota wa kikapu walikuwa dada zake wawili, yeye shuleni alikuwa mfupi na hakuna aliyemtazama. Kamaliza shule, kazi aliyopata ni ya kufagia uwanja wa ndege usiku. Urefu ukamjia kwa kishindo akiwa mtu mzima tayari, mpaka nguo zikamkataa. Ndipo akaingia chuo kimoja cha Texas, hakudumu, akahamia Southeastern Oklahoma State, chuo ambacho hakimo hata kwenye daraja la juu la michezo. Detroit wakamchukua kwenye drafti (uteuzi wa wachezaji wapya) ya 1986, nafasi ya 27, raundi ya pili, akiwa na miaka 25. Wenzake wa rika lake walikuwa wameshacheza ligi miaka mitatu, minne.

Anaingia chumba cha kubadilishia nguo anamkuta Isiah Thomas, Joe Dumars, Adrian Dantley, Laimbeer, Vinnie Johnson. Mipira ya kutupa ilikwisha kugawanywa kabla hajavua koti. Kazi iliyobaki bila mwenyewe ilikuwa ile ambayo hakuna anayeitaka. Mimi naona ribaundi kwake ilikuwa kibali cha kubaki mjini. Mtu aliyewahi kushika fagio usiku hachezi na kibali.

#37 FundiWaUbao
Umeandika vizuri dada, ila kuna sehemu haikai. Chuoni Rodman alifunga wastani wa pointi 25.7, na ribaundi 15.7. Msimu wake wa pili Detroit alifunga 11.6. Kufunga alikuwa anaweza. Aliacha kwa hiari, na aliacha baada ya kuona ribaundi anazipata kirahisi kuliko wenzake. Hiyo si njaa, hiyo ni hesabu ya mtu anayejua soko.

#38 MamaTakwimu
Na kwa burudani tu: msimu ule ule wa ribaundi 18.7 alitupa mipira 101 ya pointi tatu, ikaingia 32. Watu husahau.

#39 Goti_la_Chuma
Rodman mtupaji wa tatu? Uzi umeshaingia kwenye simulizi za kutisha.

#40 KisikiChaMpingo
Nimerudi. Naona mmeniandikia wasifu wa mtu, nywele, mieleka na fagio, lakini swali langu bado lipo mezani. Robinson 11.7, 10.7, 10.8, 12.2. Laimbeer 9.0, 5.6. Nani kajibu?

#41 MamaTakwimu
Nakujibu kwa hiyo 1991-92 yako. Jumla alidaka 1,530. Hakuna aliyefika hapo tangu Wilt msimu wa 1971-72. Katika hizo, 523 ni za kushambulia. Yaani Detroit wametupa, wamekosa, mpira uko mikononi mwa wapinzani kwa desturi, maana wao ndio walio ndani, migongo yao ndiyo inaziba. Hapo hakuna Laimbeer wa kumpokonya. Ukimtoa Rodman, nyingi ya hizo 523 zinakwenda kwa timu nyingine. Kwa hiyo hoja yako ya kupokonya igusishe zile 1,007 za ulinzi tu. Na hata huko utakuwa umegusa baadhi.

#42 MwanaBulls91
Ongeza fainali za 1996 dhidi ya Seattle. Mechi ya pili kadaka 20, kati yake 11 za kushambulia. Mechi ya sita, ya ubingwa, kadaka 19, tena 11 za kushambulia. Hiyo 11 ni rekodi ya fainali na kaifikia mara mbili katika mfululizo mmoja. Bulls walikuwa wanatupa ovyo zile siku, Jordan mwenyewe mkono ulikuwa baridi mechi ya sita, na kila wakikosa mpira unarudi kwao. Mpokonywaji pale alikuwa Shawn Kemp wa Seattle na kundi lake.

#43 KisikiChaMpingo
Za kushambulia chukueni. Toka mwanzo mimi nazungumzia za ulinzi.

#44 Goti_la_Chuma
"Toka mwanzo" 😂 Jamani nani ana nakala ya posti namba moja?

#45 Nguzo_ya_Tatu
Mimi ni fowadi, nitaongea kwa upande wa wanaotuhumiwa. Kocha wetu mmoja wa zamani alikuwa na sheria: asiyeziba mtu haruhusiwi kugusa ribaundi. Nikawa naziba kila mtu, nadaka mbili, tatu kwa mechi, na timu inashindwa vile vile. Akaja mwingine akasema senta azibe, wewe fuata mpira. Nikaanza kudaka nane, tisa. Senta akanuna mwezi mzima, ila tukaanza kushinda kwa sababu mimi naanzisha mbio moja kwa moja, yeye akidaka anauweka mpira chini kwanza na kutafuta miwani. Kwa hiyo hata kama Rodman alimchukulia Robinson, huenda ndivyo kocha alivyotaka. Robinson akiachiwa kazi ile anabaki na nguvu za kufunga. Msimu wa kwanza wa Rodman pale Spurs, Robinson si ndiye aliyeongoza ligi kwa pointi?

#46 MamaTakwimu
Ndiye, 1993-94, na siku ya mwisho ya msimu akawafunga Clippers pointi 71.

#47 KisikiChaMpingo
@Nguzo_ya_Tatu "kutafuta miwani"? Wewe na mimi tunacheza timu moja?

#48 Nguzo_ya_Tatu
Sitaki kujibu hilo bila wakili.

#49 Kipyenga_Baridi
Kuna jambo jingine. 1994-95 alicheza mechi 49 tu, kwa adhabu na kuumia bega, na bado wakampa ufalme wa ribaundi. 1996-97 mechi 55, wakampa tena. Hiyo saba mfululizo ina viraka.

#50 MamaTakwimu
Kigezo kilikuwa mechi 70 au ribaundi 800, kimoja kati ya hivyo. Alidaka 823 katika mechi 49, na 883 katika mechi 55. Wenzake walikuwa na mechi 82 za kumfikia.

#51 BabuWaPivoti
Na zile 55 za 1996-97, kumbuka kuna adhabu ya mechi 11 kwa kumpiga teke mpiga picha kule Minneapolis. Mwaka mmoja nyuma yake alimpiga refa kichwa, mechi sita nje na faini ya dola 20,000. Ukitaka kumlaumu Rodman mlaumu kwa ribaundi ambazo hakuzidaka akiwa amefungiwa.

#52 Dogo_Mchezaji
Siku hizi yupo wa kumfananisha naye?

#53 FundiWaUbao
Andre Drummond alifika 16.0 msimu wa 2017-18, kaongoza ligi mara nne. Kabla yake Ben Wallace, 15.4 msimu wa 2002-03, Detroit hiyo hiyo, na huyo hakuchaguliwa kabisa kwenye drafti. Lakini sasa hivi mitupo mingi ni ya mbali, mpira unatoka mrefu, hata walinzi wafupi wanadaka nane. Na timu nyingi mtupo ukitoka zinarudi nyuma kulinda badala ya kugombania. Rodman wa 523 za kushambulia leo kocha angemwita arudi.

#54 MwanaBulls91
Au kocha angemwacha na wengine wanne ndio warudi.

#55 MzeeWaKona
Au Horry angebaki peke yake tena.

#56 DadaWaPembeni
Mzee, Horry hajakulipa kitu toka 1995, mwachie.

#57 Dogo_Mchezaji
Wakuu mechi ya zile ribaundi 34 naweza kuipata? Nataka nimwangalie kama alivyosema MwanaBulls91, bila kuangalia mpira.

#58 MwanaBulls91
Tafuta Detroit Pistons na Indiana Pacers, 4 Machi 1992. Vipande vipo mtandaoni. Hesabu ni mara ngapi anaugusa mpira kabla ya kuudaka.

#59 KisikiChaMpingo
Na wewe dogo ukimaliza hesabu hiyo, angalia waliokuwa wanaziba ni akina nani, uje uniambie hapa. Halafu mechi yenyewe iliingia muda wa nyongeza, kwa hiyo hizo 34 si za dakika 48.

#60 Goti_la_Chuma
Wilt naye nyongeza zake tumpunguzie au huyo senta mwenzako?